Bata wa Hong Kong na Jogoo wa Mnada

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kutoka Hong Kong, mama mmoja mjane wa usharika wetu alitusubiri nje ya mlango wa kanisa. Alitushika mikono, akamshukuru Mungu kwa kuturudisha salama, kisha akauliza, "Wachungaji wangu, huko mlikuwa mnakula nini?" Tulikuwa wawili, na tulijibu kwa pamoja kana kwamba tulikuwa tumepanga: "Wali, mama. Wali kama huu wetu." Akafurahi. Akasema alikuwa na wasiwasi kwamba tungelishwa nyoka.

Jibu lile lilikuwa na ukweli ndani yake, maana karibu kila siku tulikula wali. Lakini mama alipouliza, mawazo yetu wote wawili yalikwenda kwenye chakula kimoja, na chakula hicho hakikuwa wali. Tulitazamana, tukatazama chini. Tunaandika haya kwa sababu swali la mama yule halijatuacha, na kwa sababu tunadhani si sisi peke yetu tuliowahi kulijibu namna ile.

Kwanza tueleze tulivyofika huko. Chuo chetu kilialikwa kupeleka walimu wawili kwenye kongamano katika chuo cha theolojia cha Kilutheri cha Hong Kong. Chuo hicho kilianza mwaka 1913 huko Shekou, katika jimbo la Hubei, China bara. Kikahamia Hong Kong mwaka 1948, na leo kiko juu ya kilima cha Tao Fong Shan, jirani na majengo ya zamani ya mmisionari Mnorwe Karl Ludvig Reichelt, yenye mapaa ya Kichina na msalaba mkubwa unaotazama bonde. Wenyeji walitupa malazi na chakula. Nauli ilikuwa juu yetu, na sehemu ya nauli hiyo ilitoka kwa washarika wa pale tunapohudumu siku za Jumapili. Wenye fedha walileta fedha. Wasio na fedha walileta mikungu ya ndizi, mayai, maparachichi na maziwa. Mama yule alileta jogoo.

Msomaji anajua mnada wetu ulivyo. Jogoo akanadiwa, akanunuliwa kwa shilingi 20,000. Mnunuzi akamrudisha mezani kwa ajili ya kazi ya Bwana, akanadiwa tena kwa shilingi 18,000, akarudishwa, na mara ya tatu mzee mmoja wa kanisa akamchukua moja kwa moja kwa shilingi 30,000. Jumla 68,000 kwa jogoo mmoja. Mama alipiga vigelegele kila mara jogoo wake aliporudi mezani.

Sasa chakula chenyewe. Jumapili yetu ya mwisho kule, baada ya ibada, mwalimu mwenzetu wa pale, Mchina wa makamo kama sisi, alisema anataka kutuaga kwa heshima. Tulipanda treni mpaka katikati ya mji, sehemu iitwayo Central, kisha tukapanda zile ngazi za umeme ambazo tangu mwaka 1993 zinawapandisha watu mlimani kwa zaidi ya mita 800. Asubuhi mpaka saa nne zinateremka na watu wanaokwenda kazini. Baada ya hapo zinageuka na kuanza kupanda. Mji ule umejengwa kwenye mteremko mkali kuliko hata njia za kwetu, ila kwao mlima unakubeba wenyewe. Tukashuka katikati ya ngazi, tukaingia kichochoro, tukasukuma mlango wa kioo, na ghafla tukawa Ufaransa.

Hatukuelewa kwa nini Mchina awapeleke Waafrika kwenye mgahawa wa Kifaransa, mpaka alipotueleza mwenyewe, kwa haya nyingi. Wiki nzima alikuwa ametutazama tukihangaika na vijiti, tukifukuza karanga kuzunguka sahani, naye alituonea huruma. Akatafuta mahali penye visu na uma ili tule kama tulivyozoea nyumbani. Hatukumwambia kwamba nyumbani tunanawa mikono na kula kwa mkono wa kulia. Mtu amefikiria raha yako kwa siku saba. Huanzi kumsahihisha mlangoni.

Bistro, kwa msomaji asiyeijua, ni mgahawa mdogo wa Kifaransa wa chakula cha kawaida. Meza zimebanana hata magoti yanagusana na ya jirani. Kuna benchi refu jekundu kando ya ukuta, vioo vya zamani, karatasi nyeupe juu ya kitambaa cha meza, kikapu cha mkate, na ubao mweusi ulioandikwa vyakula vya siku kwa chaki, kama ubao wa darasa la kwanza. Wahudumu wote walikuwa vijana wa Hong Kong, na mpishi tuliyemwona kupitia dirisha la jikoni naye alikuwa Mchina. Kitu cha Kifaransa pale kilikuwa kazi yenyewe.

Kwanza ilikuja supu ya vitunguu. Vitunguu vinakatwa, vinapikwa polepole kwenye siagi muda mrefu mpaka viwe vya kahawia na vitamu kama asali, vinatiwa mchuzi wa mifupa, juu yake mkate uliolala, na juu ya mkate jibini inayoyeyushwa kwa moto mpaka inafunika bakuli kama kifuniko. Mmoja wetu aliungua ulimi na akaendelea kula. Mwenyeji aliagiza pia konokono sita wenye siagi na kitunguu saumu. Luka 10:8 inamwelekeza mtumishi ale anachoandaliwa, na kwa nguvu ya andiko hilo mmoja wetu alikula watatu. Mwingine alisema konokono wanamkumbusha mboga zake. Kuhusu divai hatutasema mengi: mmoja alikunywa maji, mmoja alionja, na mpaka leo hatujalijadili jambo hilo.

Kisha akaja bata. Lilikuwa paja moja tu la bata, juu ya viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya bata yuleyule. Nyama ile inalazwa na chumvi usiku kucha, halafu inapikwa kwa saa nyingi, kwa moto mdogo sana, ndani ya mafuta yake yenyewe. Zamani, kabla ya majokofu, watu wa kusini magharibi mwa Ufaransa waliiacha imezama humo ndani ya chungu, ikakaa miezi bila kuharibika. Siku ya kuliwa inapashwa moto mpaka ngozi inakauka na kulia kama jani kavu. Nyama iliachia mfupa yenyewe. Hatukuzungumza kwa muda. Nabii Isaya, katika sura ya 25, anapotaka kueleza siku ambayo Bwana atawaandalia mataifa yote karamu mlimani, hasemi habari za wali mkavu; anasema habari za vitu vinono vilivyojaa mafuta. Tumehubiri andiko hilo kwenye mazishi mara nyingi. Siku ile ndipo lilipotufikia mdomoni.

Baadaye tulisoma habari za migahawa ile na tukashangaa. Katika karne ya 19 watu maskini kutoka milima ya Auvergne, katikati ya Ufaransa, walihamia Paris. Walibeba maji kwa ndoo na kuyapandisha ghorofani, wakauza kuni na mkaa, kisha wakaanza kuwauzia wateja wa mkaa glasi ya divai kaunta, huku mke akipika sufuria moja chumba cha nyuma. Wengi wa wenye bistro za Paris walitoka kwao. Tunawajua watu wa namna hiyo. Kila mtaa wa Dar es Salaam una duka la Mangi, naye Mangi aliteremka kutoka mlimani bila kitu. Chakula chenyewe ni cha wanyonge pia. Supu ile waliinywa wachukuzi wa soko kuu la Paris usiku wa manane. Mkate uliolala ni kiporo. Nyama kwenye mafuta ni akili ya mtu asiyejua lini atachinja tena. Kwa hiyo tulikuwa tumekula chakula cha mama lishe, kikiwa kimesafiri na kupandishwa daraja, kama vile ukute mtori na kiburu vinauzwa kwa wakubwa katika mji wa mbali, na sahani moja inalipwa kwa mshahara wa mpishi.

Maana bei ilikuwa pale ubaoni kwa chaki. Paja la bata: dola 290 za Hong Kong. Mmoja wetu alitoa simu chini ya meza, akapiga hesabu. Dola moja ya kule ilikuwa kama shilingi 330 hivi. Ilikuja shilingi 95,700, bila ile asilimia 10 ya huduma wanayoongeza mwisho. Paja moja. Jogoo wa mama, mzima, mwenye mabawa na kichwa, aliyeuzwa mara tatu huku kanisa zima likishangilia, hakulifikia paja lile.

Mtu atasema: hamkulipa ninyi, alilipa mwenyeji. Ni kweli, na alilipa kwa fedha zake mwenyewe, si za chuo. Lakini tusingekuwa kwenye kiti kile bila nauli, na ndani ya nauli mlikuwa na jogoo. Tulikumbuka habari ya 2 Samweli 23. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa wake watatu wakapenya katikati ya jeshi la Wafilisti wakamletea. Alipoyapokea alikataa kuyanywa. Aliona ndani ya maji yale damu ya watu waliohatarisha nafsi zao, akayamimina mbele za Bwana. Je, nasi tungeimimina ile supu?

Tunaona hapana, na anayetupinga tutamsikiliza. Daudi aliyamimina mbele ya mashujaa walewale walioyaleta, nao wakaelewa kwamba anawaheshimu. Sisi tungemdharau mwenyeji, na mama aliye ng'ambo ya bahari asingejua lolote. Paulo, katika 1 Wakorintho 10:27, anamwambia Mkristo aliyealikwa ale kilichowekwa mbele yake bila kuulizauliza. Tulilishika neno hilo. Ni haki kusema pia kwamba sura inayofuata Paulo yuleyule anawakemea Wakorintho kwa sababu mmoja anashiba na mwingine ana njaa. Paulo wa sura ya 10 anatukaribisha mezani, na Paulo wa sura ya 11 anatushika mkono kijiko kikiwa njiani. Hatujui namna ya kumnyamazisha mmoja wao, na tunadhani haturuhusiwi.

Tulipoteremka, ilikuwa kama saa tisa alasiri. Kule Central, siku za Jumapili, barabara ya Chater hufungwa kwa magari, na inajaa wanawake. Ni wafanyakazi wa nyumbani, wale tunaowaita kwetu dada wa kazi. Katika Hong Kong wako zaidi ya laki tatu, wengi wao wakitoka Ufilipino na Indonesia. Sheria inawapa siku moja ya kupumzika kwa juma, na masharti ya ajira yao yanawataka walale nyumbani kwa mwajiri. Basi siku ya mapumziko hawana nyumba ya kupumzikia. Wanatandika maboksi barabarani na chini ya maghorofa ya mabenki, wanavua viatu na kuvipanga kama mlangoni pa nyumba, wanasukana nywele, wanapiga simu kwa watoto wao, wanaimba, wanakula. Mmoja wetu ana mtoto wa dada yake anayefanya kazi ya namna hiyo Muscat, na alipita pale kimya.

Kundi moja lilikuwa likiimba nyimbo za kanisa. Tulisimama. Walipojua sisi ni wachungaji kutoka Afrika walifurahi, wakasogea kutupa nafasi kwenye boksi lao, na mwanamke mmoja akafungua kopo la plastiki lenye tambi za kukaanga, akatunyoshea na uma. Tukaweka mkono tumboni, tukatabasamu, tukasema asante, tumeshiba. Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumeshiba kabisa. Akafunga kopo. Tuliwaombea, tukaondoka.

Tulirudi nyumbani, tukatoa taarifa mbele ya washarika. Tulieleza mada za kongamano, kilima cha Tao Fong Shan, uimbaji wa Wachina, ngazi za umeme. Washarika walicheka tulipowaigizia vijiti. Tukatoa sadaka ya shukrani kwa safari njema. Bata hakutajwa.

Kwa nini tulificha? Mwanzoni tulijiambia ni huruma, kwamba si vema kumtajia mjane vinono. Tulijiridhisha hivyo kwa majuma kadhaa. Lakini huruma haina haraka ya namna ile. Sisi tulijibu kabla swali halijaisha. Tulipojichunguza tuliona kwamba tulimwogopa mama yule, na tulimwogopa kama mfadhili anavyoogopwa. Sisi watu wa kanisa tumeandika taarifa nyingi katika maisha yetu. Tunajua lipi la kuandika na lipi la kuruka ili fedha za mwaka ujao zisikauke. Ujuzi huo tulidhani tunautumia kwa barua za ng'ambo peke yake. Kumbe tumeuleta mpaka mlangoni pa kanisa letu. Tulipomtazama mama tuliona jogoo wa mwakani.

Kuna jambo jingine, na kwetu ndilo zito zaidi. Kila mwaka tunawafundisha watoto wa kipaimara Katekisimo Ndogo, na tunawakariri ombi la nne la Sala ya Bwana. Martin Luther anaeleza pale kwamba Mungu huwapa watu wote riziki ya kila siku, hata wabaya, hata bila sala zetu. Tunaomba ili atujalie kuitambua na kuipokea kwa shukrani. Halafu anataja orodha ndefu ya vitu vinavyoingia ndani ya neno riziki: chakula, mavazi, viatu, nyumba, mifugo, mwenzi mwema, hali ya hewa nzuri, marafiki, majirani waaminifu. Luther hakuwa mtu wa kuogopa meza. Katharina von Bora, aliyemwoa mwaka 1525, alipika pombe ya nyumbani, akafuga nguruwe, akalima, na kuwalisha wanafunzi wengi kwenye meza ile ambayo mazungumzo yake yaliandikwa na yanasomwa mpaka leo. Basi bata yule alikuwa riziki, na rafiki aliyetununulia alikuwa riziki. Hatukuweza kushukuru kwa ajili yao. Kwetu mtu anayetoa sadaka ya shukrani anasimama mbele na kusema ni kwa ajili ya nini. Tulichokificha hatukuwa na namna ya kukisimamia. Tukio lililokuwa moja ya fadhila kubwa tulizowahi kutendewa na mgeni tulilibeba mioyoni kama kitu tulichoiba.

Na tuseme ukweli wote: hata pale bistro hatukusali kwa sauti. Tuliinamisha vichwa kwa haraka, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

Mwezi wa pili baada ya kurudi tulikwenda kwa mama yule. Tulimkuta uani anapukuchua mahindi. Tukapewa vigoda, nasi tukaanza kupukuchua, maana maneno hutoka vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Tulimwambia kwamba siku ile hatukumjibu sawasawa. Tukamweleza habari za supu, konokono (alitema mate pembeni, akaomba radhi), bata na mafuta yake. Aliuliza moto wa aina gani, na muda gani, na kama bata wa kule ni kama hawa wetu. Akasema mama yake naye alijua kuhifadhi nyama kwenye mafuta. Kisha akauliza bei. Tulitamani asiulize. Tukamtajia.

Aliendelea kupukuchua. Gunzi moja, la pili. "Sasa mlishiba?" akauliza.

"Tulishiba, mama."

"Haya. Ingekuwa hasara mle kwa bei hiyo halafu mlale njaa."

Tulidhani yamekwisha, tukapata nguvu, tukamsimulia na habari ya wale wanawake barabarani, maboksi yao na nyimbo zao, na yule aliyefungua kopo la tambi. Hapo ndipo mama aliposimamisha mikono.

"Mkala?"

"Tulikuwa tumeshiba, mama."

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja."

"Jina lake nani?"

Hatukulijua. Mama alitutazama kwa namna ambayo hakututazama tulipotaja shilingi 95,700. Hakusema kitu. Alikung'uta maganda kwenye kanga yake, akageukia jikoni, akamwita mjukuu wake alete mtori, bakuli mbili. Tulikuwa tumetoka kula chakula cha mchana kwa mzee wa kanisa, nyumba ya tatu kutoka pale, na mama alijua. Mtori ulikuja umejaa mpaka ukingoni. Tulinawa mikono, tukasali kwa sauti, tukala wote tukamaliza.